Je, Lettow-Vorbeck Hakushindwa Kweli?

Machi 1964, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la kikoloni la Kijerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alizikwa kaskazini mwa Ujerumani kwa heshima zote za kijeshi. Alikuwa na miaka 93. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliwaleta kwa ndege askari wake wawili wa zamani kutoka Afrika, na Waziri wa Ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga. Waziri huyo mwenyewe alizaliwa Gare, kule Usambara, mwaka 1913, baba yake akiwa ofisa wa jeshi hilohilo la kikoloni. Alichosema juu ya marehemu ndicho Wajerumani walichokuwa wakisema tangu 1919: huyu hakushindwa vitani.

Sifa hiyo imefika mbali. Hata Waingereza waliomkimbiza miaka minne waliipenda, nadhani kwa sababu ni afadhali kusema ulisumbuliwa na bingwa kuliko kukiri kwamba uliboronga mwenyewe. Mpaka leo, panapozungumzwa vita vya msituni, jina lake halikosi kutajwa. Lakini hakushindwa kwa kipimo kipi? Ustadi wa kupigana ni jambo moja, lengo la vita ni jingine, na bili ya vita, nani aliilipa, ni la tatu ambalo wasifu wa majenerali kwa kawaida huliruka.

Lettow-Vorbeck hakuwa mgeni wa vita vya kikoloni alipotua Dar es Salaam Januari 1914. Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, akalelewa katika desturi za maofisa wa Prussia. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima uasi wa Boksa. Mwaka 1904 akaenda Afrika Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akatumika chini ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyewasukuma Waherero jangwani wakafa kwa kiu. Huko ndiko jicho lake moja lilikoharibiwa kwa risasi, na huko ndiko alikoona jinsi watu wachache wanaoijua nchi wanavyoweza kulichosha jeshi kubwa. Waandishi wengi wa maisha yake huligusa somo hili la pili, halafu la Waherero wakalipita mbiombio.

Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa na historia yake. Lilianzishwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 kumpiga Abushiri, kwa Wasudani waliochukuliwa Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Kufikia 1914 lilikuwa na kombania 14, askari kama 2,500 na Wajerumani zaidi kidogo ya 200, na wengi wa askari sasa walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Vyeo vyao vilikuwa ombasha, shaushi, sol na efendi, urithi wa jeshi la Misri, na lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili. Silaha zao zilikuwa duni: kombania nyingi zilibeba bunduki za mtindo wa 1871 zilizotoa moshi mzito kila zilipolia, adui akajua mara moja risasi imetoka kichaka gani. Jeshi hilo ndilo lililozima Maji Maji miaka michache tu nyuma kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi. Tulikumbuke hilo, maana mbinu ileile itarudi.

Vita Kuu ilipolipuka Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae pembeni, wenyeji wasije wakaona Wazungu wakiuana. Lettow-Vorbeck aliona kinyume. Alijua koloni haliwezi kutetewa milele, manowari za Kiingereza zikiwa zimeziba pwani. Hoja yake ilikuwa fupi: kila askari wa Uingereza atakayelazimika kuja kunitafuta mimi ni askari mmoja pungufu Ufaransa. Katikati ya Agosti akaiteka Taveta, akaanza kuisumbua reli ya Uganda.

Waingereza walijibu Tanga. Novemba 1914 walileta wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Kabla ya kushusha mtu, nahodha wa manowari alikwenda nchi kavu kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambulia mji yamekwisha. Ungwana huo ulimpa Lettow-Vorbeck muda wa kuleta kombania zake kwa treni kutoka Moshi. Yeye mwenyewe aliupeleleza mji usiku kwa baiskeli. Alipokamilisha alikuwa na watu kama 1,000. Wahindi waliotoka kukaa majini wiki kadhaa, baadhi yao hawajazoea hata bunduki walizopewa, waliingizwa kwenye mashamba ya mpira na minazi bila kujua kilicho mbele. Risasi zikaitibua mizinga ya nyuki, na nyuki hawakuchagua bendera, waliuma pande zote mbili. Lakini aliyekuwa akikimbia tayari alikimbia zaidi. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800, waliokufa, kujeruhiwa na kutoweka, wakaondoka wakiacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na zaidi ya nusu milioni ya risasi. Kombania kadhaa zikapata silaha za kisasa siku hiyo. Upande wa Wajerumani alikufa Tom von Prince, yule Bwana Sakarani aliyemwinda Mkwawa huko Uhehe.

Tanga ndiyo inayotajwa sana. Mimi naona iliyomfinyanga ni Jasini, kijiji cha mpakani kaskazini ya hapo, Januari 1915. Alishinda Jasini pia, kikosi cha Kihindi kikasalimu amri. Lakini alitumia risasi kama 200,000 na kupoteza maofisa ambao hakuwa na wa kuwaziba nafasi. Akapiga hesabu, akaona kwamba vita vichache tu vya aina hiyo, hata akivishinda vyote, vitamwacha mikono mitupu. Tangu hapo akaacha kutafuta ushindi mkubwa. Akawa anavizia reli, anapiga, anatoweka.

Mwaka mzima uliofuata koloni lilijitengenezea mambo yake. Watafiti wa kituo cha Amani, Usambara, walisaidia kupata kwinini, dawa ya malaria, kutokana na magome. Kioevu chenyewe kilikuwa kichungu hata askari walikipa jina la kileo chenye jina la kamanda wao. Manowari ya Königsberg ilipozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa na kukokotwa nchi kavu. Tabora zikafuliwa sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo. Meli mbili zilipenya mzingiro wa Waingereza kuleta silaha. Kufikia mwanzo wa 1916 alikuwa na Wajerumani kama 3,000 na askari wapatao 11,000, na hakuwahi kuwa na wengi zaidi ya hao.

Ndipo akaja Jan Smuts na majeshi ya Afrika Kusini. Machi 1916 Kilimanjaro ilikuwa mikononi mwake, Septemba Dar es Salaam, na mwezi huohuo Wabelgiji kutoka Kongo wakaingia Tabora. Kwenye ramani kazi ilikuwa imekwisha, na Smuts aliondoka mapema 1917 akiamini hivyo. Alichokuwa ameteka ni reli na miji. Wanajeshi wake weupe malaria na kuhara viliwapukutisha hadi ikabidi warudishwe kwao kwa maelfu, na farasi wao mbung'o iliwamaliza. Waingereza wakaamua kufanya walichosita kukifanya tangu mwanzo: kuwapa Waafrika bunduki kwa wingi. King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, ilianza vita ikiwa na batalioni tatu. Ilimaliza ikiwa na 22. Wanaijeria na watu wa Gold Coast, Ghana ya leo, waliletwa pia. Tangu 1917 vita hivi vya Wazungu vilipiganwa, kwa sehemu kubwa, na Mwafrika dhidi ya Mwafrika.

Oktoba 1917, huko Mahiwa, ndani ya Lindi, palipiganwa siku nne vita vikali kuliko vyote vya Afrika Mashariki. Waingereza, na hapa maana yake ni Wanaijeria na askari wa KAR, walipoteza watu zaidi ya 2,000. Lettow-Vorbeck alipoteza kama 500. Berlin ikampandisha cheo kuwa meja jenerali. Lakini hakuwa na wa kuziba pengo la hao 500, na risasi za kisasa zilikuwa zimebaki kidogo mno. Wiki chache baadaye, kwenye uwanda wa Makonde, aliwachagua waliokuwa na afya, akawaacha wagonjwa na wale asioweza kuwalisha watekwe na adui. Wazungu wasiozidi 300 na askari kama 1,700 ndio aliovuka nao Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917. Kapteni Theodor Tafel, aliyekuwa akimfuata na kikosi kingine kutoka Mahenge, alipishana naye njiani, chakula kikamwishia, akasalimu amri.

Hapo ndipo jibu la kwanza lilipo. Kufikia Desemba 1917 Wajerumani hawakuwa na hata wilaya moja ya Afrika Mashariki yao. Kila vita alivyoshinda Lettow-Vorbeck baada ya Jasini aliviacha nyuma siku ya pili au ya tatu, akarudi nyuma tena. Kama kushindwa ni kupoteza nchi uliyotumwa kuilinda, alishindwa, na alishindwa mapema. Kama kushindwa ni safu yako kunyoosha mikono uwanjani, hapo ndipo sifa yake inaposimama, na inasimama kihalali. Aliipiga ngome ya Wareno Ngomano siku ileile ya kuvuka, akajaza upya risasi na dawa. Akazunguka Msumbiji miezi kumi. Julai 1918 akatokea Namakura karibu na Quelimane. Septemba akarudi kupitia Ungoni. Novemba 13 akaingia Kasama, Zambia ya leo. Habari za amani ya Ulaya zilimfikia huko, karibu na mto Chambeshi, zikipatikana kwa Mwingereza wa pikipiki aliyekamatwa. Alisalimisha silaha Mbala, wakati huo Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168.

Lengo je? Alisema atawavuta maadui wasiende Ulaya. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya watu 100,000 walipita katika majeshi yaliyomwinda, yeye akiwa hana hata 15,000, na kwa haraka inaonekana alifaulu ajabu. Tazama walikuwa akina nani. Vikosi vya Tanga vilikuwa vya daraja la chini katika jeshi la India. Wanaijeria, Wagold Coast na KAR wasingepelekwa mahandaki ya Ufaransa hata kama Lettow-Vorbeck asingezaliwa, kwa kuwa Uingereza haikutaka kuwatumia Waafrika kupigana na Wazungu Ulaya. Wabelgiji wa Kongo na Wareno wa Msumbiji walikuja kwa tamaa zao za ardhi. Waliobaki ni Waafrika Kusini, na hao baadhi yao walikwenda Ufaransa baadaye. Meli, fedha na maofisa alivivuta kweli. Lakini hakuna vita hata kimoja cha Ulaya ambacho mtu anaweza kusema matokeo yake yaligeuka kwa ajili ya Mahiwa au Namakura.

Kuna hadithi nyingine inayokwenda sambamba na hii, ya askari mwaminifu aliyemfuata bwana wake mpaka mwisho. Ilipendwa mno Ujerumani baada ya 1919, maana ilitumika kudai kwamba Wajerumani walikuwa watawala wema na walistahili kurudishiwa makoloni. Ukweli una mikunjo zaidi. Askari wa Kijerumani alilipwa vizuri kwa kipimo cha zama zile. Alikuwa na mtoto wa kumbebea bunduki na mke wa kumpikia. Kijijini aliogopwa na kuheshimiwa. Safu ya Lettow-Vorbeck ilikuwa kijiji kinachotembea: wanawake na watoto walikwenda nayo, wengine wakajifungua njiani, na kama mume angetoroka, familia ingebaki wapi? Mshahara ulipokoma wakaandikiwa hati za deni, na deni nalo humfunga mdai kwa mdaiwa. Hata hivyo maelfu walitekwa au walitoroka, hasa 1917 jeshi lilipoondoka katika nchi zao. Waingereza waliunda batalioni nzima ya KAR, ya sita, kwa watu waliokuwa askari wa Kijerumani, nao wakawapiga wenzao wa jana. Mtu wa namna hiyo hakupigania Ujerumani wala Uingereza. Alipigania kazi yake na watu wa nyumbani kwake, akimtazama kamanda kama tajiri anayemlisha.

Mwaka huohuo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee kama 350, wachache tu wakiwa na cheti, na ofisa wa benki akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata ya bunduki. Wote, inasemekana, walifaulu. Hadithi tamu, sijui kwa nini hakuna anayeuliza walifundishwaje hata mikono ikakumbuka amri nusu karne baadaye. Kiboko kilikuwa sehemu ya kawaida ya mafunzo hayo.

Sasa bili. Nchi haikuwa na barabara, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, hivyo mzigo ulibebwa kichwani. Chukua mpagazi mwenye kilo 25 za unga, anayekula kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa umbali wa siku tano, atakula kilo kumi kwenda na kurudi, atafikisha 15. Kambi ikiwa siku kumi, atakula 20 na kufikisha tano. Kulisha askari 1,000 kilo moja kila siku katika kambi hiyo ya pili kunahitaji wapagazi 200 wawasili kila siku, na kwa kuwa safari moja ni siku 20, lazima wawepo njiani wapagazi 4,000. Wanne kwa kila askari mmoja, kwa chakula peke yake, kabla hujaweka risasi, dawa na mizigo ya maofisa. Hakuna jeshi lililoweza hesabu hiyo bila kukamata watu kwa nguvu.

Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika miaka yote ya vita, na rekodi zao wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Mtu aliyezoea ndizi alipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, akaupika haraka kwenye moto wa kuni mbichi, tumbo likaharibika, na kuhara kukammaliza. Kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina Kariakoo, na Nairobi wana Kariokor yao.

Lettow-Vorbeck alilitatua tatizo hilo kwa njia yake, na hapa ndipo siri ya wepesi wake ulioshangaza dunia. Hakuwa na kambi za nyuma za kulindwa kwa sababu ghala lake lilikuwa shamba la mkulima lililo mbele yake. Safu ilifika, ikavuna mahindi na mtama, ikachukua mifugo na wanaume wa kubeba, ikaondoka. Kilichobaki kilichomwa mara nyingine ili adui anayefuata asikikute. Wapagazi wake hawakuwa na daftari linalofanana na la Waingereza. Walifungwa kamba usiku wasitoroke, walipochoka waliachwa, na idadi ya waliokufa haikuandikwa. Daktari Ludwig Deppe, Mjerumani aliyesafiri na safu hiyo, aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na akaifananisha njia yao na Ulaya ya Vita vya Miaka Thelathini, vya karne ya 17.

Ugogo ulinyang'anywa ng'ombe na nafaka na pande zote mbili kwa zamu. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu kwa maelfu. Mafua ya 1918 yakawakuta watu hao miili imekwisha. Yaliwaua pia wengi wa askari na wapagazi wa Lettow-Vorbeck, waliokuwa wamepelekwa Tabora kama wafungwa wakingoja kurudi kwao.

Yeye alirudi Berlin, akapita Lango la Brandenburg Machi 1919 akiongoza watu wake huku umati ukishangilia, sare za Afrika zikiwa bado mwilini. Mwaka uliofuata aliunga mkono jaribio la Kapp la kupindua serikali, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge wa chama cha kihafidhina 1928 hadi 1930, akapatana na Smuts wakawa marafiki, akawapoteza wanawe wawili katika vita vya pili, na 1953 akaja Dar es Salaam kuwasalimu wazee wake. Siku hizi Ujerumani imebadilisha majina ya baadhi ya mitaa na kambi zilizoitwa kwa jina lake.

Uamuzi wa 1964 ulihusu askari tu, wapagazi wa Kijerumani hawakuwemo. Upande wa Uingereza, Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa idara ya wapagazi, alidai baada ya vita kwamba mishahara ya waliokufa ipelekwe kwa jamaa zao au itumike kwa faida ya vijiji walikotoka. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikulipwa.